Niliandika Historia ya Washington na Tokyo Mgongoni mwa Shamba la Mjane

Mwenye kosa ni mimi. Si panya, si mvua, si waasi, si vijana wa ofisi walionirithi. Karatasi ya Mama Masika iliharibikia mikononi mwangu, nikijua, na mara tatu nilimwambia mwenye karatasi kwamba sijaiona. Nalitanguliza hili ili msomaji asifike katikati akiwa bado anatafuta mtu mwingine wa kulaumu.

Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa karani, kisha katibu, katika ofisi moja ya serikali upande wa Beni. Sitaitaja, maana kosa si lake. Kazi yangu ilikuwa kutunza mafaili. Sikumpa mtu karatasi bila kumtaka atie sahihi kwenye hati ya kupokea, ile tunayoiita décharge. Wenzangu walinicheka sana.

"Huyu hata akienda choo anaachaka décharge!" walisema.

Wacheke! Daftari langu la kuingia na kutoka lilikuwa safi kuliko dhamiri za wengi wao. Nilikuwa nikilisema hilo kwa majivuno. Leo najua lilikuwa safi kuliko dhamiri yangu pia.

Usalama ulipoharibika, mkuu wetu aliamuru mafaili ya zamani yaondolewe kabla hayajachomwa. Gari halikuwapo. Nikajitolea mimi. Magunia matatu, pikipiki mbili, barabara yote hadi Butembo, hadi nyumbani kwangu. Nilitia sahihi kwamba nitayatunza bila kuyapunguza wala kuyabadilisha. Nikaandikiwa barua ya pongezi. Kisha nikastaafu, na hakuna aliyekuja kuyauliza magunia yale.

Sasa niseme jinsi nilivyofika kwa Wajapani, kwa sababu wengi wameniuliza, wengine kwa kejeli.

Nilipokuwa mtoto shuleni Masereka, mwalimu alituambia kwamba mawe yaliyochimbwa Katanga yalipelekwa Amerika, na kutoka Amerika yakashuka Japani yakiwa moto. Wenzangu walitaka kujua moto ule ulikuwa mkubwa kiasi gani. Mimi nilitaka kujua jambo jingine: kabla ya moto, wakubwa wale wawili waliandikiana nini? Hata utotoni nilikuwa mtu wa barua. Kabla ya ngumi kuna barua, na kabla ya barua mbaya palikuwa na barua nzuri.

Swali hilo nilizeeka nalo. Nilipostaafu nikapata nafasi ya kulijibu. Maktaba ya parokia ilikuwa na vitabu viwili vya Kifaransa vilivyoliwa pembeni. Mpwa wangu aliyeko Kampala akanitumia vingine. Nikaketi kila asubuhi baada ya misa, nikasoma na kunukuu.

Nikajifunza habari za meli za Waamerika zilizofika Japani zikitoa moshi mweusi, zikileta barua ya kuomba milango ifunguliwe, na mizinga ikiwa nyuma ya barua. Nikajifunza mikataba ambayo Japani iliitia sahihi huku imeuma meno. Nikafuata ugomvi wa Wajapani kuzuiwa kuhamia Amerika. Na mezani Washington, mataifa yakihesabiana manowari kama wafugaji wanaohesabiana ng'ombe. Na mafuta yakakatwa. Na mabalozi wakaendelea kupeana mikono hadi mwisho.

Nilifurahi! Sikuwahi kufurahi hivyo katika miaka yote ya kazi. Mtu wa Masereka, asiyepata kuona bahari, anajua nani alimjibu nani, na kwa siku ngapi.

Lakini historia inataka karatasi.

Katika ofisi zetu tulikuwa na desturi. Serikali haikutuletea karatasi, kwa hiyo tuligeuza za zamani na kuandika nyuma yake. Kila karani wa huku anaijua desturi hiyo, asikatae mtu. Nami nilikuwa na magunia matatu ya karatasi nzito, nzuri, ambazo nyuma zilikuwa nyeupe kabisa.

Nikajitungia kanuni: waliotia sahihi wakiwa wamekufa, karatasi imekufa, inaweza kugeuzwa. Niliiona kanuni ya haki. Kanuni ya kipumbavu! Karatasi ya shamba huanza kuishi siku mwenye shamba anapokufa.

Sura niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya barua ya mwisho. Ubalozi wa Japani mjini Washington uliagizwa kuikabidhi saa saba mchana, dakika chache kabla ya ndege zao kuwashambulia Waamerika. Lakini barua ilikuwa ndefu, aliyeichapa hakuwa mwepesi wa mashine, na saa ikapita. Ilipokabidhiwa, mabomu yalikuwa yameshaanguka.

Niliandika sura hiyo kwa hasira ya mtu wa kazi. Karatasi imo ofisini, wenyewe wanaisubiri, nayo haitoki! Niliandika kwamba mtumishi anayeichelewesha karatasi asijifiche nyuma ya wakubwa wake.

Siku chache baadaye, Mama Masika alibisha hodi.

Sikumjua. Alikuwa mjane mwembamba, kitenge kimefungwa vizuri, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Mke wangu alimkaribisha, akampa chai na kiti changu.

"Papa secrétaire," alisema, "miye ni bibi ya marehemu Paluku, batu ba Oicha. Tulikimbiaka, sasa niko hapa Butembo kwa dada yangu. Nakuya juu ya karatasi ya shamba."

"Karatasi gani, mama?"

"Ya mupaka. Bwana yangu na baba ya Kakule baligombanaka zamani. Bakapatana. Bakala mbuzi pamoja, bakaenda ku bureau, bakatia kidole. Bwana yangu alisemaka: siku nitakufa, wende uombe ile karatasi, usiombe mutu."

"Na sasa?"

"Sasa ule Kakule, mutoto yake, anasema baba yake alituazimaka tu. Miti ya mupaka amengoa yote. Ba témoin, bashahidi bote, balishakufa. Kakao imeanza kuzaa, papa! Baraza inasema: mama, leta karatasi."

Sikuwa na haja ya kufungua gunia. Nililijua jina la Paluku na jina la jirani yake. Nilikuwa nimeyaona nilipoigeuza karatasi ile, nikakumbuka kwamba wote wawili walishakufa, nikaona imetimiza kanuni. Makubaliano yao, vidole viwili, muhuri wa ofisi chini. Na nyuma, hadi karibu na ukingo wa chini, kwa mwandiko wangu, barua ya mwisho ya Wajapani.

Ilikuwa chumba cha pili, juu ya meza, hatua sita kutoka alipokuwa akinywa chai.

"Nitatafuta, mama," nilisema. "Urudi wiki ijayo."

"Wasingya, papa. Wasingya sana." Alinishukuru kwa Kinande, akainuka, akamshukuru mke wangu kwa chai.

Nilijiambia nitainakili sura ile kwenye karatasi nyingine, kisha nitampa yake. Lakini ningempaje? Wazee wa baraza wangeigeuza, wangeona mwandiko wangu, wangeuliza: huyu ndiye aliyeapa hatabadilisha kitu? Nilimwona mkuu wangu wa zamani akicheka. Niliona barua ya pongezi ikiteremshwa ukutani. Na Jumapili ya wiki hiyo ijayo nilikuwa nimealikwa kuisoma sura hiyo mbele ya watu.

Aliporudi, nikamwambia sijaiona. Hiyo ni mara ya kwanza. Alikuja tena siku mbili baadaye, nikarudia. Hiyo ni ya pili.

Kikundi chetu cha wasomaji hukutana katika ukumbi wa parokia baada ya misa. Jumapili hiyo walikuja walimu, wauzaji wa vitambaa, watawa wawili, hata askari mmoja mwenye cheo. Nilivaa koti langu la kazi. Nilishika kurasa zangu juu, mbele ya uso, kwa kuwa macho yangu hayaoni vizuri nikizishika chini.

Nilisoma vizuri. Siwezi kusema uongo hapa pia. Nilipofika kwa yule mchapaji na saa inayopita, watu walivuta viti mbele. Nilipomaliza walipiga makofi, na mtu akaita, "Professeur!" Nikaona ndiyo heshima niliyoisubiri tangu Masereka.

Nilipotoka nilimkuta Mama Masika dirishani, nje. Alikuwa amesikia yote.

"Papa, ulisema muzuri," aliniambia. Macho yalikuwa na machozi, na hakuwa akinidhihaki. "Ule mutu wa Japani aliacha karatasi ikachelewa, batu bakakufa. Donc wewe unajua. Bengine ba bureau hawajue, mais wewe unajua. Niangalilie tena mara moja. Baraza ni siku ya ine."

Wasomaji wangu, nilikuwa na kurasa zile kwapani.

Ningeweza kuitoa. Ilikuwa nzima. Vidole vilikuwapo, muhuri ulikuwapo. Ningechafuka jina mbele ya watu thelathini, naye angeenda nyumbani na shamba lake.

"Mama, hapana iko," nilisema. "Nimetafuta mu magunia yote."

Akaitikia kwa kichwa. Akanishukuru! Akaenda.

Alhamisi baraza likaketi, na Mama Masika akaenda mikono mitupu. Mimi siku hiyo nilikuwa kwa fundi wa kujalidi vitabu, karibu na soko. Ndiyo, siku hiyo hiyo. Nilitaka kitabu changu kifungwe kabla moyo haujageuka. Huo ndio ukweli ninaouona sasa, ingawa wakati ule nilisema ni kwa sababu ya mvua.

Fundi alizipanga kurasa, akakunja uso.

"Papa, hii haiko sawa. Ingine mrefu, ingine mfupi. Tukate chini?"

"Kata."

"Mais chini kuna ba muhuri muhuri, na alama ya kidole. Uangalie kwanza."

"Kata, nimekwambia! Kitabu ni kitabu."

Kisu chake kizito kikashuka mara moja. Vipande vikaanguka sakafuni, akavifagia pamoja na vingine, akawashia jiko. Nilisimama nikitazama. Hata fundi asiyenijua alinipa nafasi, nikamkaripia.

Baraza liliamua kwamba shamba ni la Kakule, kwa kuwa mjane hana maandishi, na maneno ya marehemu hayana shahidi. Nilisikia habari hiyo sokoni kwa watu waliotoka Oicha. Nilijiambia huenda lingeamua hivyo hata karatasi ingekuwapo. Mtu mwenye kosa ni mwanasheria mzuri!

Kitabu kikaanza kuzunguka. Kikamfikia mwalimu mmoja wa historia, mtu wa Kasai aliyepangiwa kazi hapa, mtu wa mizaha. Siku ya tatu alinijia nyumbani akicheka kutoka mlangoni.

"Papa Professeur! Kitabu yako iko na bitabu mbili! Ukisoma huku, Wajapani. Ukigeuza, Banande, batu benu ba hapa, banagawana mbuzi. Mimi nilisoma yote mbili. Na ya Banande ni tamu kuliko!"

Nilimwambia akirudishe.

"Ngoja, nisomee mama hapa kidogo." Mke wangu alikuwa akimenya viazi. Mwalimu akafungua katikati. "'Sisi, Paluku na jirani yake, mbele ya ofisi, tumepatana kwamba shamba kutoka kijito hadi miti ya mpaka ni la Paluku na watoto wake…' Halafu chini imekatika. Kwa nini ulikata, papa? Hapo ndipo kulikuwa sahihi."

Mke wangu aliacha kisu.

"Paluku gani?" aliuliza.

Niliinama, nikaokota ganda la kiazi.

"Paluku wa ule mama? Ule mama nilimupa chai?"

Mwalimu alitutazama mmoja baada ya mwingine. Kicheko kikamwisha usoni. Akaweka kitabu juu ya kiti, akaaga kwa adabu ambayo hakuwa nayo alipoingia, na hajarudi tena nyumbani kwangu.

"Alikuya hapa mara tatu," mke wangu alisema. "Mara mbili nikamuambia: mama, usiogope, bwana yangu hapotezaka karatasi. Mimi! Kwa kinywa yangu! Sasa nakutana naye ku misa namna gani?"

Tumeoana miaka arobaini. Hakupiga kelele, wala hajanitukana hadi leo. Ananiletea chakula na kuondoka. Kama ni adhabu, ni ndefu kuliko nyingi nilizowahi kuziandika kwenye faili.

Kesho yake nilikwenda kwa dada yake Mama Masika. Nilimkuta uani akichambua maharage kwenye ungo. Nilisimama, nikakataa kiti, nikamweleza yote kwa utaratibu, kama ripoti: nilipoipata, nilipoigeuza, nilichoandika, mara tatu nilizomkana, siku ilipokatwa. Nikamkabidhi kitabu kikiwa kimefunguliwa kwenye ukurasa wake.

Hajui kusoma. Aliutazama, akapitisha kidole chini, pale palipokatwa.

"Ile siku ya kusoma," akauliza, "hii ndiyo ulishikaka?"

"Ndiyo, mama."

"Uliinua juu hivi?"

"Ndiyo."

"Wewe ulikuwa unaangalia Wajapani. Na batu, balikuwa banaangalia upande gani?"

Sikuwa nimelifikiri hilo. Nilipokuwa nikisoma, upande wa Paluku ulikuwa umeelekea ukumbini, na dirishani. Kidole cha mumewe kilikuwa mbele ya macho yake muda wote nilipokuwa nikiwahukumu watumishi wa Tokyo.

"Upande yako, mama," nilisema.

Alinirudishia kitabu, akaendelea na maharage. Niliomba msamaha. Akasema, "Msamaha nitaomba Mungu anipe. Bado hajanipa. Shamba, papa, nani atanipa?"

Nilijua ofisi ambako jibu linapaswa kutoka.

Nikaandika tamko, nikalitia sahihi, jina kamili, cheo cha zamani, anwani. Nikaeleza kosa langu bila kulipunguza. Nikafumua kitabu, nikautoa ukurasa ule, nikauambatanisha. Nikapanda pikipiki hadi ofisini kwangu kwa zamani, nikalikabidhi kwa mkono, nikadai hati ya kupokea. Kijana wa mapokezi alisoma ukurasa mmoja, akaniangalia kwa huruma.

"Papa, uko muzee yetu. Bote banakuheshimu. Ya nini kujipaka tope? Hii mambo imeisha, baraza ilishakata shauri. Enda upumzike."

"Sikuja kupumzika. Nimekuja kushtakiwa."

"Mais papa, tukifungua hii, itabidi tufungue na ya Kakule, na ba sac, ba gunia yote yenye iko ku nyumba ya ba retraité kama wewe. Nani atamaliza?"

Mwishowe alinigongea muhuri wa kupokea, akacheka kidogo, akaniita mzee mgumu. Nimerudi mara nne tangu wakati huo. Kwanza mkuu hayupo. Kisha faili linasomwa. Kisha faili halionekani. Halionekani! Wananijibu kwa maneno yangu mwenyewe.

Enyi wastaafu wenzangu wa Beni, Butembo na Lubero mliohifadhi mafaili ya umma chini ya vitanda vyenu: msigeuze hata karatasi moja. Msiseme waliotajwa wamekufa. Wana wajane, wana watoto, nao watabisha hodi. Na wewe unayependa kuandika habari za mataifa makubwa, andika, ni kazi njema. Lakini kwanza soma kilichoandikwa upande wa pili wa karatasi unayoitumia. Mimi nilijua barua ya siku moja ya Washington kwa saa na dakika, nikajifanya sijui ya jirani.

Jina langu halipo hapa kwa kuwa safu hii ya gazeti haichapishi majina. Lipo, kamili, kwenye tamko lililopokelewa kwa muhuri, ambalo nakala yake nimempa mke wangu na nyingine Mama Masika.

Kwa hiyo, mbele ya wasomaji, nadai rasmi yafuatayo. Ofisi husika inijibu kwa maandishi, si kwa kunipigapiga bega. Barua yangu ya pongezi ifutwe. Magunia matatu yachukuliwe kwangu kwa orodha, karatasi kwa karatasi, na zile nilizoandika nyuma zitajwe moja moja pamoja na majina ya wenyewe. Shauri la shamba la marehemu Paluku lifunguliwe upya, ukurasa uliokatwa usomwe, nami niapishwe kama shahidi na kama mshtakiwa. Kakule awepo asikie. Mama Masika apewe kiti mbele.

Nadai niitwe kwa jina langu, siku itajwe, na niulizwe hadharani karatasi ilikuwa wapi. Hadi siku hiyo, kila mtumishi anayeliona tamko langu na kulirudisha kwenye rafu anashiriki kosa hili pamoja nami, nami nadai jina lake nalo liandikwe.